Klima inavuma, chumba kinachemka: jinsi ya kukagua kiyoyozi chako kabla ya kusema gazi imeisha

Mwezi wa kumi simu yangu hailali. Jakaranda zimeshachanua, moshi wa vichaka vinavyochomwa umetanda juu ya mji, mvua bado tunaitafuta kwa macho, na kila anayenipigia ananiambia yaleyale: “Fundi, klima haileti tena baridi, gazi ilishaisha, kuya na chupa yako.”

Mimi ni fundi wa frigo na klima (viyoyozi) hapa Lubumbashi na kutia gazi ni sehemu ya riziki yangu, kwa hiyo ninachoandika hapa kinanipunguzia pesa. Mara nyingi gazi haijaisha. Gazi ya kiyoyozi haiunguzwi kama petroli ya gari. Inazunguka ndani ya mabomba ya shaba, inabeba joto la chumba, inakwenda kulimwaga nje, inarudi, na inaweza kufanya hivyo miaka kumi na zaidi bila kupungua. Ikipungua, kuna mahali panapovuja.

Mwaka juzi mama mmoja wa Kampemba alinionyesha karatasi tatu za malipo. Mafundi watatu katika msimu mmoja, na kila mmoja ameongeza gazi. Nilipofungua uso wa mashine ya ndani, chujio lilikuwa na vumbi jekundu nene kama blanketi la mtoto. Hewa haipiti. Na gazi? Ilikuwa imezidi, ikabidi niipunguze, maana gazi ikizidi nayo inaua baridi na kuichosha kompresa, ile pampu ya mashine ya nje inayosukuma gazi. Dawa yenyewe ilikuwa ndoo ya maji na sabuni ya vyombo.

Ndiyo maana hatua zilizo hapa chini zinaanzia kwenye kile kisichogharimu kitu na kuishia kwa fundi. Zifuate kwa mpangilio huo. Nimeandika juu ya klima ya ukutani yenye mashine mbili, moja ndani na moja nje, kwa sababu ndiyo iliyojaa majumbani kwetu.

Kabla ya kushika chochote

Kuzima kwa telekomande (rimoti) hakukati umeme. Popote ninapoandika “zima”, maana yake ushushe dijonkteri (swichi ya kukatia umeme) ya kiyoyozi, au kama kimechomekwa kwenye prizi, ukichomoe. Ndani ya mashine ya nje kuna kopo dogo la duara linaloitwa kondasateri. Hilo linatunza umeme ndani yake hata baada ya kuzima, na limeshawarusha mafundi wazoefu. Usifungue upande wenye nyaya.

Andaa tochi, brashi laini ya kupakia rangi, ndoo, mpira wa maji, na temometa ndogo ya kupimia hewa. Kama nyumbani kuna multimeta (kipimo cha umeme) na mtu anayejua kuitumia, vizuri zaidi.

1. Pima kwanza

Washa kiyoyozi kwenye baridi, nyuzi 18, feni kwenye kasi ya juu. Funga milango na madirisha, subiri dakika 20. Kisha shika temometa juu ya mashine ya ndani, pale inapovutia hewa, usome. Ihamishie chini kwenye mdomo inakotoka hewa, usome tena. Toa namba ya pili kwenye ya kwanza.

Tofauti ikiwa nyuzi 8 hadi 12, mashine ni nzima. Mwezi wa tisa na wa kumi, hewa yetu inapokuwa kavu, inaweza kufika hata 14. Mwezi wa kwanza mvua ikiwa imekolea, tofauti itapungua kidogo, kwa sababu mashine inatumia sehemu ya nguvu yake kukamua maji kwenye hewa. Hilo linawachanganya watu wengi. Wameona kimpira cha nje kikimwaga ndoo nzima mwezi wa kwanza, halafu mwezi wa kumi kinadondosha matone machache, wanasema klima imekufa. Haijakufa, hewa haina maji ya kukamuliwa.

Kama tofauti ni nzuri na bado unatoka jasho, ruka moja kwa moja hadi hatua ya 8, shida yako ni chumba. Tofauti ikizidi 14, hewa inapita kidogo mno: angalia chujio. Ikiwa chini ya 6, endelea nami hatua kwa hatua.

2. Telekomande

Usicheke. Mzee mmoja mstaafu aliniita kwa haraka kwa sababu klima mpya ilikuwa inapuliza moto. Kwenye kioo cha telekomande palikuwa na alama ya jua. Nikamuuliza kwa nini ameweka pale. “Fundi, huu si ni wakati wa jua?” Alama ya jua ni ya kupasha joto chumba. Baridi ni ile nyota yenye matawi sita, ambayo ni picha ya theluji, na sisi tusioiona theluji tuna haki ya kutoitambua.

Tone la maji ni la kukausha hewa: feni inakwenda polepole, kompresa inawaka na kuzima, na chumba hakipoi sawasawa. Alama ya feni peke yake haileti baridi hata ungeiacha usiku kucha. Alama ya mwezi au ya mtu aliyelala hupandisha nyuzi kidogo kidogo kadiri usiku unavyokwenda, kwa hiyo ukiamka saa nane ukiwa na jasho, chunguza hiyo kwanza.

Telekomande nyingine zina kazi ya kupima joto pale zilipo. Ukiiwasha kisha ukaiacha telekomande imelala chini ya mdomo wa hewa, mashine inaamini chumba kizima kimeshapoa, inapumzika. Izime kazi hiyo, au weka telekomande karibu na unapokaa.

Badilisha betri pia. Na kuweka 16 hakupozi chumba haraka zaidi kwa klima ya kawaida inayowaka na kuzima. Kunaifanya tu isipumzike. Acha kwenye 24.

3. Chujio, na kile kilicho nyuma ya chujio

Zima. Inua uso wa mashine ya ndani kwa mikono miwili, kulia na kushoto, hadi usikie unashika. Utaona vyandarua viwili vya plastiki. Visukume juu kidogo, vivute kwako, vishushe. Kama huoni mwanga wa dirisha ukivitazama dhidi yake, umeshapata nusu ya jibu.

Vioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo ya vyombo, ukipitisha maji kutoka upande wa nyuma ili vumbi litoke lilikoingilia. Vianike kivulini, jua la hapa linavikunja visirudi tena mahali pake. Tangu mwezi wa tano hadi mvua zianze, fanya hivi kila wiki mbili. Kama barabara yenu ni ya udongo na magari makubwa yanapita, kila wiki. Mvua zikishatuliza vumbi, mara moja kwa mwezi inatosha.

Chujio likiwa bado nje, mulika tochi ndani. Utaona radiateri ya ndani, mapezi membamba ya aluminiamu yaliyosimama wima. Yakiwa yameshika vumbi, yapige brashi laini kwa upole kutoka juu kwenda chini, usipitishe kamwe kwa ubavu, yanalala kama majani yaliyokanyagwa. Wala usitie javeli (dawa ya kung'arisha nguo): inakula aluminiamu, na harufu yake utaivuta miezi.

Sasa mulika mdomo wa chini inakotoka hewa. Ndani kabisa kuna feni ndefu kama rola, yenye vipande vingi vidogo vidogo. Hapa watu wengi hawaangalii. Vipande hivyo vikijaa tope jeusi, feni inazunguka kwa kasi, inapiga kelele kama kawaida, lakini haisukumi hewa. Dalili yake ni chujio safi na upepo dhaifu. Kuiosha vizuri kunahitaji kufunika ukuta na kukinga maji yasiingie kwenye nyaya, kwa hiyo hapa mwite fundi, ila mwambie anachokuja kufanya: kuosha feni ya ndani. Usimwache ageuze maneno yakawa gazi.

*Ukikuta barafu.* Mara nyingine ukifungua uso utaona radiateri imefunikwa na barafu nyeupe. Usichokonoe kwa kisu, bomba likitoboka umenunua klima nyingine. Weka kwenye feni peke yake, tandika taulo chini, subiri saa mbili au tatu iyeyuke yenyewe. Barafu ina sababu mbili kubwa: hewa haipiti, au gazi imepungua. Osha chujio, washa tena kwenye baridi. Isiporudi, ilikuwa hewa. Ikirudi na kila kitu ni safi, soma hatua ya 7.

*Maji yakidondoka ukutani* ni shida tofauti, kimpira cha kutolea maji kimeziba kwa utelezi au kimepanda juu mahali fulani. Kivute kishuke mteremko mfululizo, kipulize kutoka nje. Inatosha.

4. Nenda nje

Joto lote lililotolewa chumbani linamwagwa na mashine ya nje. Ikishindwa kulimwaga, ya ndani haina cha kufanya.

Kiyoyozi kikiwa kinafanya kazi, sogeza mkono mbele ya feni ya nje. Hewa inayotoka inapaswa kuwa ya moto waziwazi kuliko hewa ya uwanja. Ikiwa feni inazunguka na hewa inatoka ya kawaida tu, kompresa haifanyi kazi au gazi imepungua sana. Ikiwa feni haizunguki kabisa na kompresa inanguruma, zima mara moja, kompresa itapikika. Ikiwa hewa ni ya moto mno na baridi ndani ni ndogo, radiateri ya nje imeziba au imenyimwa nafasi.

Tuseme ukweli juu ya nafasi. Huu ni mji wa shaba, na wezi wetu wanaijua shaba ilipo. Kwa hiyo kila mashine ya nje imefungiwa ndani ya kizimba cha vyuma, na nawaelewa, hata ya kwangu imefungwa. Lakini nimeona vizimba vya bati zima lenye matundu machache, vingine vimepigiliwa mbao juu ili mvua isiingie. Mashine inavuta tena hewa yake ya moto iliyokwisha kuitoa. Kizimba kiwe cha nondo zilizo wazi. Nyuma ya mashine acha walau sentimita 30 hadi ukutani, na mbele ya feni mita moja au zaidi bila kitu, hata nguo zilizoanikwa. Mvua haiidhuru, imetengenezwa kukaa nje. Jua la alasiri ndilo linaloiumiza. Kama iko ukuta wa magharibi, itengenezee kivuli kilicho juu mbali nayo.

Kuna jambo jingine ambalo ndugu zetu wa Mombasa au Dar es Salaam hawalisumbukii. Lubumbashi iko kwenye kimo cha mita kama 1,200 juu ya bahari, na kwa kimo hicho hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban sehemu moja ya kumi. Feni ileile inabeba joto pungufu kwa kila mzunguko. Mashine iliyo safi inamudu. Iliyojaa vumbi, maua ya jakaranda na masizi haina akiba ya kuchezea.

Kuiosha: zima. Toa majani kwa mkono. Piga maji ya mpira wa kawaida nyuma na ubavuni, moja kwa moja kwenye mapezi, kutoka juu kwenda chini, mpaka yanayotoka chini yawe meupe. Epuka upande wenye kifuniko cha nyaya, mara nyingi ni wa kulia. Usilete ile pampu ya kuoshea magari. Kijana mmoja aliniambia ameosha vizuri sana, na kweli palikuwa safi, ila mapezi yote yalikuwa yamelala kama nywele zilizochanwa na hewa haikuwa na pa kupita. Subiri ikauke nusu saa ndipo uwashe.

5. Umeme, nao ndio mgonjwa mkubwa wa mji huu

Ningeweza kuandika mwongozo mzima juu ya hatua hii peke yake. Klima nyingi zinatengenezwa kwa volti 220 na zinavumilia kama asilimia 10 juu au chini, yaani kati ya 198 na 242. Chini ya hapo kompresa ya kawaida inapata shida kuanza. Inanguruma sekunde chache, inajikata kwa kinga yake, inapoa, inajaribu tena. Ndani feni inaendelea kupuliza, kwa hiyo mwenye nyumba anaona klima inawaka lakini hakuna baridi.

Saa yenyewe inakupa dalili. Ikiwa inapoza vizuri saa tisa za usiku na inakataa saa moja jioni, usitafute gazi. Saa moja jioni mtaa mzima umewasha resho (jiko la umeme), kila nyumba inasonga bukari (ugali), na volti zinashuka. Nilipima prizi moja saa moja na nusu jioni nikapata 168. Saa nne usiku, prizi ileile, 207. Mashine haikuwa na kosa lolote.

Pima hivi, kama unajua kutumia multimeta. Kwanza kwenye prizi kiyoyozi kikiwa kimezimwa. Kisha tena kompresa ikiwa inafanya kazi. Ikishuka volti chache, sawa. Ikishuka 15 au 20, shida iko kwenye waya wa nyumba yako: ni mwembamba, ni mrefu mno, au una kiungo kilicholegea njiani. Pima pia kwenye kompteri (mita ya umeme). Ukipata 205 pale na 180 kwenye prizi, usilalamikie waliokuletea umeme, hizo 25 umezipoteza ndani ya ukuta wako mwenyewe.

Kiyoyozi cha BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) kinakula kama ampea 5 kikishatulia, lakini kompresa ya kawaida wakati wa kuanza inadai mara kadhaa zaidi ya hapo. Kipe waya wake peke yake kutoka kwenye tablo (sanduku la dijonkteri), milimita 2.5 za mraba, na dijonkteri yake ya ampea 16. Usikichomeke kwenye raloji (waya wa kurefushia) inayobeba frigo na televisheni. Gusa prizi baada ya saa moja ya kazi: ikiwa ya moto au imekuwa ya kahawia, ibadilishe leo.

Stabilizateri, kifaa cha kusawazisha volti, inasaidia, ila inunuliwe kwa akili. Kwa BTU 12,000 tafuta ya VA 3,000 hadi 5,000. Angalia imeandikwa inaanza kufanya kazi kwa volti ngapi, maana ile inayoanzia 180 haina faida kwako ukiwa na 168. Iwe na muda wa kusubiri, dakika tatu au zaidi, kabla ya kuruhusu umeme upite. Na ujue kwamba inapopandisha 160 kuwa 220 inavuta ampea nyingi zaidi upande wa ukuta, kwa hiyo kama waya wako ni mwembamba, stabilizateri itauchemsha zaidi. Anza na waya.

Delestaji (mgao wa umeme) ikikata umeme, shusha dijonkteri. Umeme ukirudi, hesabu dakika tano ndipo uipandishe. Umeme ukirudi mara nyingi unarukaruka, na ndani ya mabomba shinikizo linahitaji dakika hizo kusawazika. Kompresa ikilazimishwa kuanza kabla, inakwama. Kompresa nyingi ninazozika zimekufa jioni umeme uliporudi.

Klima za inverta, zile ambazo kompresa yake hubadilisha kasi badala ya kuwaka na kuzima, zinavumilia zaidi, nyingine zimeandikwa kuanzia volti 150 au 160. Soma kibandiko chake. Ila kadi yake ya elektroniki ni ghali na haipendi umeme unaoruka, kwa hiyo kinga haiwezi kuachwa hata hapo. Inverta ikipata shida huandika herufi na namba kwenye uso wa mashine ya ndani. Ipige picha kabla hujazima. Maana yake hutofautiana kwa kila mtengenezaji, lakini fundi mwenye kitabu cha mashine hiyo ataanzia mahali sahihi.

6. Kondasateri, na mjusi

Umeme ni mzuri, mashine ni safi, lakini nje unasikia mngurumo mfupi, kishindo cha kujikata, kimya, na baada ya dakika chache tena vilevile. Au feni ya nje haiendi mpaka uisukume. Hapo mtuhumiwa wa kwanza ni kondasateri. Likifa, mara nyingi kichwa chake kinavimba kama kopo la samaki lililoharibika, lakini linaweza kufa bila kuvimba. Fundi atalimwaga umeme wake, atapima, na kulinganisha na namba iliyoandikwa juu yake, kwa mfano mikrofaradi 35. Likipungua zaidi ya asilimia 5 au 6, libadilishwe kwa namba ileile. Ni kipuri cha bei ndogo. Ukiambiwa kompresa imekufa, uliza kwa upole: “Kondasateri umelipima, kaka? Naomba nione.”

Mjusi ninamtaja kwa sababu nimemkuta mara nyingi mno. Anapenda joto la sanduku la nyaya, anaingia usiku, analala juu ya swichi inayowasha kompresa. Swichi ikifunga, anabanwa katikati, umeme haupiti tena, na mashine ya nje inakaa kimya huku ya ndani ikipuliza. Namwondoa na kibano, nasafisha, klima inaanza. Mwenye nyumba anaponiuliza ilikuwa nini, huwa namwonyesha, la sivyo hataamini. Sisimizi hufanya hivyo hivyo, na nyigu hujenga kwenye matundu. Ziba matundu ya nyaya kwa mpira, lakini usizibe njia za hewa.

7. Sasa ndiyo gazi

Umefika hapa na kila kitu ni safi, umeme unatosha, kompresa inafanya kazi, na tofauti ya hatua ya 1 bado iko chini ya 6. Tazama mabomba mawili yanayoingia mashine ya nje. Kwenye klima ya kawaida yenye gazi ya kutosha, bomba nene ni la baridi, na hewa ikiwa na unyevu linatoa jasho kama chupa ya bia ya Simba kutoka frigo. Gazi ikiwa imepungua, lile jembamba linashika barafu, nene linabaki la vuguvugu. Angalia pia nati za viungo, ndani na nje. Mafuta meusi yenye vumbi lililonasa yanaonyesha gazi inakotokea, kwa sababu inapotoroka inabeba mafuta ya kompresa.

Paka povu la sabuni nzito kwenye nati kwa brashi, utazame dakika mbili bila kuchoka. Povu likichipua vipovu vidogo vidogo, umepata tundu. Usijaribu kukaza nati mwenyewe, shaba ile ni laini na inapasuka.

Mwite fundi, na usimame naye. Hii ni haki yako, si dharau. Kwanza atafute tundu na kulitengeneza. Anayetia gazi bila kutafuta tundu amekuuzia miezi michache tu. Pili, mfumo ukifunguliwa, atumie pampu ya kutoa hewa, walau dakika 20, kisha aifunge na kutazama kama mshale wa kipimo unabaki pale pale. Wako wanaofukuza hewa kwa kuachia gazi kidogo ipulize. Unyevu unabaki ndani na unakula kompresa taratibu. Tatu, atie gazi ileile iliyoandikwa kwenye kibandiko, kwa mizani, gramu kwa gramu.

Majina utakayokuta ni R22, R410A au R32. Hazichanganywi. R410A ina shinikizo kubwa kuliko R22, kama mara moja na nusu na zaidi, na kompresa zake zinatumia mafuta tofauti. R22 inaharibu tabaka la ozoni na inaondolewa chini ya Itifaki ya Montreal. Kwa nchi kama yetu mwaka wa kikomo ni 2030, ukiacha kiasi kidogo cha matengenezo, kwa hiyo ukinunua klima kuukuu ya R22 kwa bei nzuri, fikiria gazi utainunua kwa nani kesho. R32 inaweza kuwaka moto, kwa hiyo asikubali mtu kuvuta sigara au kuwasha shalumo (moto wa kulehemu) pale kabla ya kuitoa yote. Na kama fundi atakuja na chupa ya gazi ya kupikia, akisema ni ileile, mpe maji ya kunywa na umfungulie mlango.

8. Mashine ni nzima, chumba ndicho kigonjwa

Kwa hesabu ya haraka, weka BTU 600 kwa kila mita ya mraba. Chumba cha mita 4 kwa 5 kinataka BTU 12,000, ile inayoitwa farasi moja na nusu. Hiyo ni kwa chumba chenye dari. Nyumba ya mabati bila dari ni hesabu nyingine, bati la mwezi wa kumi linashusha joto kama mbabula (jiko la makaa) uliogeuzwa, na hata klima mpya ya BTU 18,000 itahema. Pesa za dari zitakupa baridi zaidi kuliko pesa za klima ya pili.

Washa fimbo ya uvumba au kipande cha karatasi kisha ukizime, upeleke moshi wake karibu na mlango, madirisha na pembe za dari. Moshi ukivutwa, ndipo baridi yako inapotokea. Saluni (sebule) iliyo wazi hadi kwenye korido haipoi kwa klima ya chumba kimoja, weka pazia zito. Hamisha frigo itoke humo. Na kila mgeni anayekaa kitini anatoa joto kama taa ya zamani ya wati 100, kwa hiyo siku ya kilio au ya mahari, watu 20 wakiwa saluni, usinipigie.

Jambo la mwisho. Mwezi wa nane, kabla joto halijafika na kabla foleni yangu haijawa ndefu, osha ndani na nje. Kisha rudia kipimo cha hatua ya 1, chukua kipande cha utepe wa karatasi, andika tarehe, tofauti ya nyuzi, na volti ulizopata, ukibandike ndani ya uso wa mashine. Nikifika kwako mwezi wa kumi nitainua uso huo na kusoma utepe kabla sijafungua begi.